Mwongozo wa Kusema "Nilikula, Nikalala" kwa Kilojban

Mtu anayetaka kusema kwa Kiswahili kwamba alikula, akalala, hahitaji mwongozo. Anayetaka kulisema jambo hilohilo kwa Kilojban anauhitaji, na ndio huu. Kilojban ni lugha iliyobuniwa ili sentensi zake zisisomeke kwa njia mbili, na watu waliojitolea kuijenga waliifanya kazi hiyo kwa mapenzi na kwa miaka mingi. Hata hivyo, sehemu inayowatoa jasho wanafunzi wake ni ile ambayo ungedhani ingekuwa nyepesi kuliko zote: kuunganisha kauli moja na nyingine.

Kabla hujafungua kinywa, jua unaongea lugha ya nani. Mwaka 1955 mwanasosholojia wa Marekani, James Cooke Brown, alianza kubuni lugha aliyoiita Loglan ili kupima dhana inayohusishwa na Sapir na Whorf, kwamba lugha huelekeza fikra za msemaji wake. Mwaka 1960 aliieleza katika jarida la Scientific American. Baadaye baadhi ya wafuasi wake walikosana naye kuhusu haki za lugha yenyewe, na mwaka 1987 wakaunda Logical Language Group. Waliunda msamiati upya kwa kuchanganya sauti za lugha sita: Kichina, Kiingereza, Kihindi, Kihispania, Kirusi na Kiarabu. Lugha hiyo wakaiita Lojban. Ugomvi wa jina la Loglan ulifika mahakamani, na mwaka 1992 mahakama ya rufaa ya Marekani ikaamua kwamba jina hilo haliwezi kuwa alama ya biashara ya mtu mmoja. Mwaka 1997 kitabu cha John Cowan, The Complete Lojban Language, kikachapishwa na sarufi ikafungwa ili watu wapate muda wa kuitumia bila kuichezea.

Ahadi zilikuwa mbili. Ya kwanza ni kwamba kila sentensi ina muundo mmoja tu, na kompyuta inaweza kuuthibitisha. Ahadi hiyo imetimizwa, na ni jambo la kustaajabisha. Ya pili ni kwamba kanuni hazina vighairi. Hiyo ya pili ndiyo itakayotushughulisha.

Anza na habari njema. Viunganishi vya kimantiki vya Kilojban vimesimama juu ya irabu nne. *A* ni "au", ikiwemo hali ya kuwa vyote viwili. *E* ni "na". *O* ni "ikiwa, na ikiwa tu". *U* husema kwamba la kwanza ni kweli, la pili liwe lisiwe. Ongeza ukanushi na uwezo wa kubadilisha nafasi za pande mbili, nawe umepata majedwali 14 ya ukweli kati ya 16 yanayowezekana kwa kauli mbili. Mawili yaliyoachwa ni lile lisemalo "daima kweli" na lile lisemalo "daima si kweli", na hayo hayaunganishi chochote. Sijui mfumo mwingine wa lugha uliopangwa kwa usafi kama huu. Ukiishia hapo utadhani umemaliza somo.

Sasa jiulize: unaunganisha nini na nini? Swali hili lijibu kabla ya kutamka sauti ya kwanza, kwa sababu irabu ile *e* hubadilika umbo kulingana na jirani zake. Ukiunganisha washiriki wa tendo, yaani *sumti*, sema *.e*: *mi .e do cu sipna*, mimi na wewe tunalala. Ukiunganisha maneno yanayoelezana ndani ya kirai kimoja, kile kiitwacho *tanru*, sema *je*. Ukiwa na mtenda mmoja mwenye matendo mawili, sema *gi'e*: *mi citka gi'e sipna*, ninakula na kulala. Ukiunganisha sentensi mbili kamili, sema *.ije*: *mi citka .ije mi sipna*. Ukitaka kumtahadharisha msikilizaji mapema kwamba mambo yatakuwa mawili, tanguliza *ge* na katikati weka *gi*: *ge mi citka gi mi sipna*. Na kama tahadhari hiyo ni ya ndani ya tanru, *ge* haikubaliwi tena, sema *gu'e*. Alama ile ya ritifaa itamke kama *h* laini, na *j* kama Mfaransa anavyoitamka.

Ukihesabu utaona maumbo sita kwa "na" moja. Wenyewe wameyapa majina kwa mtindo wa lugha yao, na ukikaa nao utasikia wakizungumzia "ek", "jek", "gihek", "gek" na "guhek" kama mafundi wanavyotaja saizi za spana. Zidisha kwa irabu nne na utaelewa kwa nini karatasi ya mwanafunzi hujaa haraka.

Usikate tamaa hapa, na usiwashutumu waliobuni. Maumbo haya yana sababu, na sababu hiyo naitetea. Programu waliyotumia kuthibitisha sarufi, YACC, huamua muundo wa sentensi kwa kutazama neno moja tu mbele. Ikisikia *.e*, inajua papo hapo kwamba mshiriki mwingine anakuja. Ikisikia *gi'e*, inajua mtenda ni yuleyule na tendo jingine linafuata. Binadamu naye hunufaika. *Lo nanmu je ninmu* ni kiumbe mmoja aliye mwanamume na mwanamke kwa pamoja, *lo nanmu.e lo ninmu* ni watu wawili. Umbo la kiunganishi limekwisha kukueleza uhesabu vichwa vingapi.

Ukitaka kuona kinachotokea umbo moja likipewa kazi zote, tazama *joi*, kiunganishi kisicho cha kimantiki kinachofanya watu kuwa kundi moja. *Mi .e do cu bevri lo jubme* inadai kwamba mimi nimebeba meza na wewe pia umebeba meza, kila mmoja kivyake. *Mi joi do cu bevri lo jubme* ni sisi wawili tumeishika pande zote mbili. *Joi* hutumika ileile kwa washiriki na kwa tanru, na ndipo inapolipa gharama: kwa sarufi ya kitabu huwezi kusema *lo nanmu joi lo ninmu* ukaachwa. Ni lazima ufunge mlango wa kwanza kwa *ku*, useme *lo nanmu ku joi lo ninmu*, la sivyo *joi* itadhaniwa imo ndani ya tanru. Kwa *.e* huhitaji *ku* hiyo. Kwa hiyo utofauti wa maumbo ni bei uliyolipa mahali pamoja ili usilipe pengine, nami naona ni bei ya haki.

Swali la mwenyeji kwa mgeni linaonyesha uzuri wa mfumo huu kuliko maelezo yangu yote. Katika lugha zetu, mtu akiulizwa "utakula wali au mkate?" akajibu "ndiyo", tunamwona mtani, ingawa kimantiki amejibu sawasawa. Kilojban hukuuliza kiunganishi chenyewe: *do citka lo rismi ji lo nanba*. Jibu *.e*, utaletewa vyote. Jibu *.enai*, utaletewa wali bila mkate. Jibu *na.e*, mkate bila wali. Jibu *na.enai*, umeshiba. Lakini kumbuka somo la maumbo: *ji* ni ya washiriki peke yao. Swali la aina hiyo kuhusu matendo huulizwa kwa *gi'i*, la tanru kwa *je'i*, la kutanguliza kwa *ge'i*, la kutanguliza ndani ya tanru kwa *gu'i*. Mwenyeji mkarimu inabidi awe amesoma.

Umeona *na* na *nai*. Msomaji wa Kiswahili na awe macho hapa, kwa kuwa *na* ya Kilojban ni ukanushi. *Mi na sipna* si "mimi na usingizi", ni "silali". Katika viunganishi vinavyokuja katikati, *na* husimama kabla na kukanusha upande wa kwanza, *nai* husimama baada na kukanusha upande wa pili. Kanuni hiyo ni nzuri na inakumbukika. Halafu unafika kwa viunganishi vya kutanguliza, unakuta ukanushi wa upande wa kwanza unafanywa na *nai*, tena imegandishwa nyuma ya *ga*. Hivyo "nikiwa na njaa, ninakula" ina sura mbili zenye maana moja: *mi xagji .inaja mi citka*, na *ganai mi xagji gi mi citka*. Hakuna ujanja wa kulikumbuka hili; likariri. Na ukishalikariri, zingatia maana yake. Sentensi hiyo ni ya uongo katika hali moja tu, pale ambapo njaa ipo na kula hakupo. Mgombea akisema kwa umbo hili kwamba akichaguliwa atajenga barabara, kisha asichaguliwe, sentensi yake ni ya kweli.

Mabano hayahitaji maneno mengi. Viunganishi vya katikati hujikusanya kuanzia kushoto. Ukitaka mpangilio mwingine kwa washiriki au matendo, tumia *ke* na *ke'e*, na *ke* hiyo lazima ije baada ya kiunganishi, haiwezi kufungua sentensi. Kwa sentensi nzima *ke* haifai kabisa. Tumia *tu'e* na *tu'u*.

Kuna mtego mmoja ambao vitabu vya wanaoanza huupitia haraka mno. Umezoea *.ije*, unaipenda, unaiweka kila mahali. Siku moja unataka kumwambia mtu kwamba unajua mambo mawili: kwamba yeye anakula, na kwamba wewe unaondoka. Unasema *mi djuno lo du'u do citka .ije mi cliva*. Ulichosema ni kwamba unajua yeye anakula. Kisha, kwa sentensi nyingine iliyo nje ya ujuzi wako, unaondoka. Sauti *.i* ni mlango wa kutokea. Hufunga kila kishazi kilichokuwa wazi, na hakuna kiunganishi chenye *.i* kinachoweza kukaa ndani ya kishazi kinachofunguliwa na *du'u*, neno la "kwamba", au *nu*, neno la tukio. Ndani ya vishazi hivyo njia ya kuunganisha kauli mbili zenye watenda tofauti ni kutanguliza: *mi djuno lo du'u ge do citka gi mi cliva*. Maana yake ni kwamba kuunganisha sentensi mbili kamili kuna kanuni moja ukiwa nje na kanuni nyingine ukiwa ndani, na mwanafunzi hagundui mpaka programu imweleze kwamba sentensi yake ni sahihi lakini si yake.

Mpaka hapa nimetetea zaidi kuliko nilivyolalamika. Sasa tufike kwenye "nikalala", kwa sababu *.ije* haisemi lipi lilitangulia. *Mi citka .ije mi sipna* ni kweli hata kama ulilala kwanza. Kwa mfuatano wa wakati chukua *ba*, neno la mambo yajayo, lifuatishe kwa *bo*: *mi citka .i ba bo mi sipna*. Nimekula, baadaye nimelala. Usiisahau *bo*. Bila hiyo, *ba* humnyakua *mi* anayefuata, na sentensi ya pili inakuwa "baada yangu, kuna anayelala".

Chukua sasa *ba* hiyohiyo, mpangilio uleule, kula kwanza na kulala mwishoni, ila badala ya sentensi ya pili weka tukio ndani ya *lo nu*: *mi citka ba lo nu mi sipna*. Maana yake ni kwamba nimekula baada ya kulala. Mfuatano umepinduka. Neno ni lilelile, liko mahali palepale, na siku yako imegeuka kutoka usiku kuwa asubuhi. *Pu*, neno la yaliyopita, hufanya vivyo hivyo: *mi citka .i pu bo mi sipna* inaanza na usingizi, *mi citka pu lo nu mi sipna* inaanza na chakula.

Ungeweza kujifariji kwamba huenda viunganishi vyote vya namna hii hupinduka, na kwamba hiyo basi ndiyo kanuni. Jaribu *mu'i*, neno la sababu inayomsukuma mtu kutenda. *Mi citka .i mu'i bo mi xagji*: ninakula kwa sababu nina njaa. *Mi citka mu'i lo nu mi xagji*: ninakula kwa sababu ya kuwa na njaa. Hakuna kilichopinduka. Njaa ni sababu katika zote mbili, kama akili timamu inavyotarajia. Wenzake *mu'i*, yaani *ri'a* ya kisababishi cha kimaumbile, *ki'u* ya hoja na *ni'i* ya mantiki, nao hawapinduki.

Chanzo cha tofauti kinaeleweka ukiyachungulia maneno mama. *Mu'i* imetokana na *mukti*, kitenzi ambacho mshiriki wake wa kwanza ni sababu na wa pili ni tendo. Kanuni ya maneno ya kundi hilo ni kwamba kinachofuata neno hukaa kwenye kiti cha kwanza. Njaa hufuata *mu'i*, njaa hukaa kiti cha sababu, kazi imekwisha. *Ba* ina undugu na *balvi*, ambapo wa kwanza huja baada ya wa pili. Kwa kanuni hiyohiyo, kinachofuata *ba* kingepaswa kuwa ndicho kinachokuja baadaye. *.I ba bo* inatii. *Ba lo nu* haitii. Pale kinachofuata kimekalishwa kiti cha pili.

Upande wa pili nao una hoja, na nitaitoa kwa haki. *Mi ba citka* maana yake nitakula, yaani nitakula baada ya sasa. Ukisema *mi citka ba lo nu mi sipna*, umeiondoa "sasa" iliyofichika na kuweka usingizi mahali pake: nitakula baada ya usingizi. Kwa mtazamo huo *ba* ya tukio ni mwendelezo wa *ba* ya kitenzi, nayo ni safi. Kanuni mbili, kila moja na mantiki yake kamili, zimekutanishwa katika neno moja na hakuna aliyekubali kupisha. Hili silitetei. Maumbo sita ya "na" yanamlipa mwanafunzi kwa kumwondolea utata. Kupinduka kwa *ba* hakumlipi chochote. Programu haikuona kosa kwa sababu programu hukagua muundo, na muundo hauna kasoro. Maana ndiyo iliyogeuka, na maana ilihitaji jicho la mtu kabla sarufi haijafungwa.

Ukiamua kujifunza, nenda kwa mpangilio huu. Kwanza *ge* na *gi*, kwa sababu jozi hiyo moja huunganisha washiriki, matendo na sentensi, nje na ndani ya vishazi, na tanru pekee ndiyo huikataa. Inakulazimu ujue unakokwenda kabla ya kuondoka, na kwa anayeanza huo ni msaada. Halafu *gi'e*, kwa kuwa watu wengi, katika lugha yoyote, hueleza siku yao kwa mtenda mmoja mwenye matendo mengi. Kisha *.e* na *.ije*. Wakati wa kusimulia mfuatano wa matukio shika *.i ba bo* peke yake na uiache *ba lo nu* mpaka *mu'i* iwe imekuingia vizuri, maana ukijifunza zote mbili siku moja, zitakuchanganya. Kila sentensi ipitishe kwenye camxes, programu ya uchanganuzi inayotumiwa sana na Walojban, kisha isome tena wewe mwenyewe ukijiuliza nini kilitangulia nini.

Wapo watumiaji ambao wamekwisha kuandika sarufi za majaribio zinazoiruhusu *je* kuunganisha karibu kila kitu, ili mtu aseme *mi je do* bila kukosolewa. Naelewa wanachokimbia, lakini nadhani wameanza na sehemu isiyouma. Tofauti kati ya *je*, *.e* na *gi'e* humwambia msikilizaji jambo la kweli kuhusu sentensi, na mwanafunzi huizoea kwa mazoezi. Ombi langu kwa wenye sauti katika lugha hii ni jingine: iacheni *gi'e* ilivyo, mkae juu ya *ba* na *pu*, mchague mwelekeo mmoja kati ya miwili, wowote ule, na muuandike kwenye ukurasa wa kwanza wa sura ya viunganishi.